Miwa, Petroli na Umbali wa Bahari: Historia ya Ethanoli ya Magari katika Zimbabwe, Malawi na Kenya

1. Utangulizi

Kati ya mwaka 1980 na mwaka 1983, nchi tatu za Afrika zilianza, moja baada ya nyingine, kuchanganya petroli na spiriti iliyotengenezwa kwa miwa. Zimbabwe ilitangulia kwa mtambo wa Triangle. Malawi ikafuata mwaka 1982 kwa mtambo wa Dwangwa, kando ya Ziwa Malawi. Kenya ikawa ya tatu: spiriti ya Muhoroni iliingia katika matangi ya magari mwaka 1983. Nchi hizo zilitumia mmea mmoja, chachu ya aina moja na kanuni zile zile za kemia. Magari yaliyopokea mchanganyiko huo nayo yalikuwa ya kawaida, yenye injini zilizoundwa kwa ajili ya petroli. Lakini mwaka 1993 ulipokwisha, Malawi peke yake ndiyo iliyokuwa ikiendelea. Zimbabwe iliacha mwaka 1992, na Kenya mwaka 1993.

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa ufundi, maana ufundi ulikuwa mmoja. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba maisha ya ethanoli katika kila nchi yaliamuliwa hasa na mambo mawili: umbali uliopo kati ya pampu ya mafuta na bandari, na jibu la swali la nani atakayebeba hasara siku bei ya petroli ya kigeni itakaposhuka. Pale ambapo bahari ilikuwa mbali na hasara imekwisha kugawanywa kwa utaratibu unaojulikana, ethanoli ilidumu. Pale ambapo petroli ilifika kwa bomba na hasara haikuwa na mwenyewe, ethanoli ilikufa hata kabla injini hazijachakaa.

2. Asili na tabia ya mafuta hayo

Kiwanda cha sukari kikishakamua miwa na kugandisha sukari, hubakiwa na molasi, yaani urojo mzito mweusi ambao bado una utamu lakini haugandi tena. Urojo huo huzimuliwa kwa maji na kutiwa chachu, nayo chachu huugeuza utamu kuwa alkoholi. Kisha hukenekwa katika minara mirefu ya chuma. Tani moja ya molasi huweza kutoa kiasi cha lita 250 za ethanoli.

Kukeneka peke yake hakutoshi. Mvuke wa alkoholi hauachani na maji yake yote: ikifika kiasi cha asilimia 96, ukenekaji wa kawaida hauongezi usafi. Spiriti ya kiwango hicho yafaa kwa kunywewa au kwa dawa, wala haifai kuchanganywa na petroli, kwa sababu maji yaliyomo yatajitenga na kutuama chini ya tangi. Hivyo sharti mtambo wa mafuta ya gari uwe na hatua moja zaidi, ya kuondoa maji yaliyosalia, ambayo hapo zamani ilifanywa kwa kutia benzini ya maabara au kemikali nyingine ya jamii hiyo. Hatua hii ndiyo inayotenganisha spiriti ya chupa na spiriti ya gari, na gharama yake haikosi kuonekana katika bei.

Ndani ya injini ethanoli ina sifa na kasoro zake. Sifa yake kubwa ni kuongeza oktani, yaani kuzuia petroli isilipuke kabla ya wakati wake. Kasoro yake ni kwamba lita moja ya ethanoli ina nguvu ya joto ipatayo theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Katika mchanganyiko wenye asilimia 10 ya ethanoli, upungufu huo ni kiasi cha asilimia 3. Dereva wa kawaida hautambui kwa urahisi, ila mwenye magari mengi huuona katika hesabu za mwisho wa mwezi.

3. Mifano iliyotangulia

Wazo la kuchanganya halikuzaliwa Afrika, wala halikuzaliwa katika misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970. Ufaransa ilipitisha sheria mwezi Februari 1923 iliyowalazimisha waagizaji wa petroli kununua alkoholi ya nchini na kuichanganya. Nchi hiyo haikuwa na visima vya mafuta vya kutosha, bali ilikuwa na wakulima wa viazisukari na mizabibu waliokuwa na alkoholi ya ziada. Brazil nayo, kwa amri ya mwaka 1931, ilidai asilimia 5 ya alkoholi katika petroli iliyoagizwa kutoka nje, na mwaka 1933 ikaunda taasisi ya serikali ya kusimamia sukari na alkoholi. Kwa hiyo, tangu mwanzo mchanganyiko ulikuwa siasa ya kilimo kabla ya kuwa siasa ya nishati: serikali iliwatafutia wakulima mnunuzi, na mnunuzi huyo akawa mwenye gari.

Baada ya bei ya mafuta ghafi kupanda mara nne mwaka 1973 na 1974, Brazil, iliyokuwa ikiagiza kiasi cha asilimia 80 ya mafuta yake, ilianzisha mpango wa taifa wa alkoholi tarehe 14 Novemba 1975, chini ya Rais Ernesto Geisel. Mhandisi Urbano Ernesto Stumpf na wenzake walizirekebisha injini zitumie alkoholi tupu, na mwaka 1976 magari matatu ya majaribio yalizungushwa nchini ili wananchi wayaone. Mwaka 1979 gari la Fiat 147 lilianza kuuzwa likiwa na injini ya alkoholi pekee. Katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa Brazil yalikuwa ya aina hiyo.

Ndipo bei ya mafuta ghafi ilipoanguka mwaka 1986. Kufikia mwaka 1989 wenye viwanda waliona afadhali kugeuza miwa kuwa sukari ya kuuza nje, na wenye magari ya alkoholi wakapanga foleni kwenye pampu zilizokauka. Imani iliyopotea siku zile ilichukua zaidi ya miaka kumi kurudi, na ilirudi kwa njia nyingine: mwaka 2003 lilitokea gari linaloweza kutumia petroli, alkoholi au mchanganyiko wowote wa hizo mbili, na mwaka 2009 Honda ikaleta pikipiki ya namna hiyo. Funzo la Brazil kwa historia hii ni kwamba hata nchi yenye miwa mingi kupita zote ilitikiswa na bei ya petroli isiyokuwa na uwezo wa kuipanga.

4. Zimbabwe: mtambo uliozaliwa na vikwazo

Historia ya Triangle huanzia katika siasa. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia, na Umoja wa Mataifa ukaiwekea nchi hiyo vikwazo. Bomba lililochukua mafuta kutoka Beira hadi kiwanda cha kusafishia cha Feruka, karibu na mji uitwao leo Mutare, lilifungwa. Manowari za Uingereza zilikaa zikilinda njia ya Beira tangu mwaka 1966 hadi 1975. Petroli haikukatika kabisa, kwa kuwa ilipenya kupitia Afrika Kusini na Msumbiji ya Wareno, lakini ilifika kwa gharama kubwa na kwa hofu ya kesho.

Kutokana na hofu hiyo ulizaliwa mpango wa kutengeneza spiriti ya gari katika mashamba ya miwa ya Triangle, kwenye nyanda za chini za kusini-mashariki. Sehemu kubwa ya mtambo ilifuliwa katika karakana za nchini humo, jambo lililopunguza sana matumizi ya fedha za kigeni. Mtambo ulianza kazi mwaka 1980, mwaka ule ule Zimbabwe ilipopata uhuru, tarehe 18 Aprili. Uwezo wake ulikuwa kiasi cha lita milioni 40 kwa mwaka, na petroli ya nchi ikachanganywa kwa asilimia 12 hadi 15. Yaani, chombo kilichobuniwa ili kuuokoa utawala wa walowezi kilirithiwa na serikali ya wale waliowapinga.

Urithi huo haukukosa maana. Mwezi Desemba 1982 wahujumu walilipua matangi ya mafuta katika bandari ya Beira, na Zimbabwe ikaingia katika uhaba mkubwa. Spiriti ya Triangle haikuweza kuliziba pengo lote, lakini ilikuwa sehemu ya mafuta ambayo adui wa mbali hakuweza kuikata. Hata mabaki ya mtambo yalitumika: maji mazito yanayobaki baada ya kukeneka, yenye potasi nyingi, yaliingizwa katika mifereji ya umwagiliaji na kurudishwa mashambani kama mbolea.

Kilichoushinda mtambo hakikuwa adui wa mbali, ila ukame. Mwaka 1992 mabwawa yaliyonywesha miwa yalikauka, mashamba yakateketea, na uchanganyaji ukakoma. Mvua iliporudi, spiriti haikurudi katika petroli. Beira ilikuwa ikifunguka tena, mafuta ghafi yalikuwa rahisi, na spiriti ilipata bei bora zaidi katika masoko mengine. Sababu iliyoianzisha ilikuwa imekwisha, na hakuna sheria iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya siku za neema.

5. Malawi: gharama ya kuwa mbali na bahari

Malawi haikuwekewa vikwazo na mtu yeyote. Tatizo lake lilikuwa ramani. Njia zake fupi za kwenda baharini ni reli mbili zinazokatiza Msumbiji, moja ikielekea Beira na nyingine Nacala. Mtambo wa Dwangwa, katika wilaya ya Nkhotakota, ulipoanza kazi mwaka 1982, vita vya Msumbiji vilikuwa vimekwisha kuzitikisa reli hizo, na katikati ya miaka ya 1980 zote mbili hazikupitika. Petroli ya Malawi ikalazimika kuzunguka kwa malori, ama kutoka Durban kupitia nchi za jirani, ama kutoka Dar es Salaam kupitia kaskazini. Kila lita iliyofika Lilongwe au Blantyre ilikuwa imebeba mgongoni mwake nauli ya maelfu ya kilometa.

Molasi ya Dwangwa, kwa upande wake, ilikuwa na shida hiyo hiyo kwa kinyume: kuisafirisha hadi bandarini kuliigharimu kuliko thamani yake. Hivyo umbali ule ule uliopandisha bei ya petroli ndio ulioshusha bei ya molasi. Huu ndio moyo wa historia ya Malawi. Wachumi wa nchi za pwani walipolinganisha ethanoli na bei ya petroli bandarini, waliiona ethanoli ghali. Malawi iliilinganisha na bei ya petroli mlangoni pake, ikaiona ya kufaa.

Aidha, serikali haikuliacha suala la hasara hewani. Bei ya ethanoli ilihusishwa na gharama ya petroli iliyofika nchini, na makampuni ya mafuta yalichanganya kwa viwango vilivyopanda na kushuka kulingana na spiriti iliyopatikana, hadi kufikia asilimia 20. Vita vya Msumbiji vilimalizika kwa mkataba wa Oktoba 1992, njia zikaanza kufunguka, na bado uchanganyaji haukukoma. Mwaka 2004 mtambo wa pili ulifunguliwa kusini, karibu na kiwanda cha sukari cha Nchalo katika wilaya ya Chikwawa. Haifai, hata hivyo, kulikuza jambo hili kupita kiasi. Malawi imeendelea kuagiza sehemu kubwa ya petroli yake, na foleni za mafuta zimeisumbua mara nyingi. Ethanoli iliipunguzia nchi mzigo wa nauli, wala haikuiondolea utegemezi.

6. Kenya: bomba lililoishinda spiriti

Kenya ilianza kwa matumaini makubwa kuliko wenzake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 miradi miwili ilibuniwa magharibi mwa nchi. Mmoja, wa Kisumu, ulikuwa mtambo mkubwa wa kugeuza molasi kuwa kemikali na spiriti. Gharama zake zilizidi makadirio, na kazi ikasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla haujatoa hata lita moja. Wa pili, wa kiasi zaidi, ulikuwa wa Muhoroni, ubia wa serikali na wawekezaji binafsi. Huo ulijengwa ukakamilika katikati ya ukanda wa miwa wa bonde la Nyando, penye viwanda vya sukari vya Muhoroni, Chemelil na Miwani, ukiwa na uwezo wa lita 60,000 kwa siku. Tangu mwaka 1983 spiriti yake ilichanganywa na petroli kwa asilimia 10.

Mchanganyiko ulidumu miaka kumi. Tatizo lake laonekana mara moja mtu akiiweka ramani ya Kenya kando ya ile ya Malawi. Kenya ina bandari yake yenyewe. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilifunguliwa Mombasa mwaka 1963, na bomba la kupeleka petroli Nairobi likaanza kazi mwaka 1978. Kwa bomba, nauli ya lita moja ni ndogo mno. Bei ya mafuta ghafi ilipoanguka mwaka 1986, spiriti iliyotoka Muhoroni haikuweza kushindana kwa hesabu za kawaida. Ilihitaji bei iliyopangwa na serikali. Makampuni ya mafuta, ambayo yalitakiwa kununua bidhaa ya mtu mwingine na kuiuza mahali pa bidhaa yao wenyewe, yaliupinga utaratibu huo. Mwaka 1993 uchanganyaji uliachwa. Mwaka 1994 biashara ya petroli iliachiwa soko huria, na bomba likarefushwa hadi Kisumu, yaani hadi jirani na mashamba yale yale ya miwa.

Mtambo wa Muhoroni haukufungwa. Spiriti yake iliendelea kutengenezwa kwa ajili ya vinywaji na viwanda. Hapa yaonekana tena nafasi ya hatua ile ya mwisho ya kuondoa maji: spiriti ambayo haikuondolewa maji ina wanunuzi wengi, nayo hugharimu kidogo kuitengeneza. Kadiri serikali ilivyosita kulipa tofauti ya bei, ndivyo chupa ilivyolishinda tangi.

Jambo moja zaidi lastahili kutajwa, maana halikuingizwa katika hesabu za wakati ule. Petroli ya Afrika katika miaka hiyo ilitiwa risasi ili kuongeza oktani, na risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto. Ethanoli huongeza oktani bila risasi. Brazil iliiondoa risasi mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikisaidiwa na alkoholi yake. Nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Bei ya ethanoli ilipowekwa mizani mwaka 1993, afya ya watoto wa mijini haikuwa na uzito wowote katika mizani hiyo.

7. Waliolipa gharama

Historia ya mafuta huandikwa kwa kawaida kutoka ofisi za mawaziri. Yafaa pia kuitazama kutoka chini. Wa kwanza kuhusika ni mwenye chombo. Ethanoli huyeyusha uchafu ambao petroli tupu huuacha ukutani mwa tangi. Kwa hiyo gari kuukuu likianza kutumia mchanganyiko, kutu na masizi ya miaka mingi hushuka na kuziba kichujio na kabureta. Baadhi ya mipira ya zamani hulainika na kuvimba. Pikipiki huathirika upesi zaidi, kwa kuwa tundu la kabureta yake ni dogo, na mara nyingi huegeshwa wiki nzima huku mafuta yakivuta unyevu wa hewa. Madhara haya huzuilika kwa tangi safi, kichujio kipya na mipira inayofaa. Lakini mwenye pikipiki moja hununua kichujio hicho kwa fedha zake mwenyewe, na hakuna mpango wa serikali uliowahi kukitia katika bajeti.

Wa pili ni mkulima. Katika ukanda wa Nyando, mkulima wa miwa alilipwa kwa uzito wa mzigo aliopeleka. Molasi, na faida ya kila kilichotokana nayo, ilikuwa mali ya kiwanda. Ndiyo maana uchanganyaji ulipoachwa mwaka 1993, mkulima hakuwa na sababu kubwa ya kuutetea. Na watu wa bonde hilo walibaki na mto Nyando, ambao kwa muda mrefu umechafuliwa na maji machafu ya viwanda vya sukari na spiriti kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria.

Wa tatu ni mwenye ardhi. Ethanoli ya miaka ya 1980 ilitengenezwa zaidi kwa mazao na mabaki ya mashamba yaliyokuwapo. Hali ilibadilika Zimbabwe ilipoirudia ethanoli kwa mtambo wa Chisumbanje, uliofunguliwa mwaka 2011, ambao hulishwa na mashamba mapya ya miwa yaliyopandwa kwa ajili yake. Familia nyingi za wakulima wadogo zililalamika kwamba mashamba yao yalimezwa. Tangu mwaka 2013 sheria imewalazimisha wauzaji wa petroli kuchanganya. Safari hii hasara ilipata mwenyewe: sehemu iliwekwa juu ya mnunuzi wa petroli, asiyekuwa na hiari, na sehemu juu ya mkulima aliyehamishwa.

8. Hitimisho

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ethanoli iliifaa Zimbabwe ilipozingirwa, ikaifaa Malawi reli zilipokatwa, na ilibuniwa Kenya wakati bei ya mafuta ikitisha. Dhiki ilipopungua, rafiki huyo alibaki pale tu ambapo dhiki haikuwa ya msimu, yaani Malawi, ambako bahari haisogei karibu kwa sababu vita vimekwisha.

Msomaji wa Katanga au wa Kivu, ambaye petroli yake hufika kwa malori kutoka bandari za Bahari ya Hindi, atatambua kwamba ramani yake yafanana na ya Malawi kuliko ya Kenya. Hata hivyo, ramani ni nusu ya hoja. Petroli inayouzwa kwa chupa kando ya barabara na wale ambao Wakongo huwaita Kadhafi hukaa mahali penye vumbi na unyevu, na mchanganyiko wa ethanoli hauvumilii unyevu kama petroli tupu. Tena lazima ijulikane mapema ni nani atakayelipa tofauti ya bei, na ni shamba la nani litakalopandwa miwa. Maswali hayo yaliulizwa Harare, Lilongwe na Nairobi baada ya mitambo kujengwa, na majibu yaliyochelewa yalilipwa na watu ambao hawakuulizwa.